Nusu Kidumu cha Maji ya Bahari

Mkonze, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Nathan, popote ulipo kati ya magunia ya Kibaigwa,

Shikamoo kaka. Ulinitangulia kuzaliwa kwa misimu michache tu ya mvua, lakini leo nakupa shikamoo yako nzima. Ipokee vizuri, maana nyingine sijui utaipata lini. U hali gani? Kifua kinalionaje vumbi la mahindi? Nasikia siku hizi unavaa kofia pana na unaingiza mkono kwenye gunia la mtu kama uliyezaliwa dalali. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama ni mzima, mguu unamsumbua asubuhi tu, akishatembea unanyamaza. Mizabibu haijambo. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja amezaa mapacha, na wote wawili wamekufuata wewe: hawatulii nyumbani.

Usishangae kuletewa barua kama mtu wa zamani. Simu nimepiga. Unapokea, unasema utanipigia, unakata. Nikikuandikia ujumbe unasomwa na kila dalali anayekuazima simu. Barua haina kitufe cha kukata. Nimempa Thobias, dereva wa lile Fuso, nikamwambia asiondoke mbele yako mpaka akuone umeifungua. Basi kaa juu ya gunia, usome. Na mwandiko wangu usiucheke. Mimi niliishia kidato cha pili na wewe una digrii, lakini kati yetu wawili, nani amesimama mbele ya darasa msimu huu akaitwa mwalimu?

Tukumbushane tulivyoanza, kwa sababu watu wa Kibaigwa husahau upesi. Ulimaliza chuo ukakaa nyumbani ukiandika maombi ya kazi mpaka kalamu zikakukimbia. Ndipo ukapata yale mafunzo tarajali ya elimu ya bahari. Shirika linachukua vijana waliotoka vyuoni, linawafunza kuwafundisha watoto wa huku bara habari za bahari, na watakaofanya vizuri wanapelekwa kituo kikubwa cha pwani na kuajiriwa. Wakakodi ukumbi Ipagala, wakaweka tangi la kioo refu kama kitanda cha watu wawili, wakaleta maji ya bahari kwa lori kutoka Tanga, na viumbe wake ndani. Mama alilia kwa furaha. Wiki ile ile soko la mahindi likachangamka na rafiki yako akakuita.

Ukanivuta nyuma ya zizi la mbuzi. Ukaniambia nikushikie nafasi siku chache tu. Usaili walikufanyia kwa simu, sura yako haijulikani, na sura zetu hata Mama huzichanganya akiwa hana miwani. Mama naye tukamwambia kinyume, kwamba wewe uko Ipagala unafundisha, mimi nimekwenda Kibaigwa kubeba magunia. Siku chache zako, kaka, zimeota ndevu.

Nisiwe mwongo, mwanzoni nilikuwa mfalme. Nilipewa fulana ya bluu iliyoandikwa NATHAN kifuani, ikanikaa kuliko ambavyo ingekukaa wewe na tumbo lako. Watoto walikuja shule kwa shule. Ukiwatajia jongoo, wanamjua yule wetu mweusi wa masika. Ukiwaonyesha jongoo bahari, mnene kama kiazi, analala chini ya maji kama mlevi, ukumbi mzima unalipuka. Kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano kama nyota, walimgombania kumshika.

Wakaniuliza bahari yenyewe ikoje. Kaka, maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona mimi ni bwawa la Hombolo. Lakini si unanijua. Nikawaambia wachukue shamba la uwele lililokomaa, upepo unapita juu yake, linainama linainuka. Sasa waondoe uwele, waweke maji, na upande wa pili wasiweke kitu chochote. Watoto wakasogea karibu. Hata Madamu Emiliana, msimamizi wetu, mtu wa Mtwara aliyelishwa samaki kabla ya uji, alisema hajawahi kusikia bahari ikielezwa hivyo. Nikatikisa kichwa polepole, kisomi.

Siku nyingine mtoto anaitwa Seth akauliza samaki wanalala vipi na hawana kope. Nikamjibu kwamba wanalala kwa zamu, kama walinzi wa benki. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Huyo ni Shamila, mtarajali mwenzangu. Msichana wa Kondoa, digrii yake ya kweli, maneno machache, macho yanayomsoma mtu kuanzia viatu. Watoto walipoondoka alinieleza taratibu samaki wanavyolala, akaniomba kesho yake nimrudishie Seth jibu lililo sahihi. Halafu akauliza chuoni nilifundishwa na nani. Jina lililonijia ni Tadeo, yule katekista aliyewahi kunichapa. Nikasema Profesa Tadeo. Shamila hakucheka. Alisema, "Sawa, Nathan," akilitamka jina lako kama mtu anayeishika noti asiyoiamini. Tangu siku hiyo taarifa zetu za wiki akawa anaziandika zote mbili, yake na yangu, ananiwekea mezani nizisome kabla Madamu hajauliza. Alijua, kaka. Alijua na hakumwambia mtu.

Hapo ndipo mlango uliponifungikia. Kutoka Ipagala hadi Mkonze ni bodaboda moja, lakini kuja nyumbani siwezi, kwa sababu mimi niko Kibaigwa. Kanisani siwezi. Nilikwenda soko la Sabasaba kununua nyanya, nikamsikia mtu anaita jina langu, Yotham, Yotham, kutoka ng'ambo ya meza za vitunguu. Alikuwa Henry, yule tuliyekaa naye dawati moja. Nikaendelea kutembea kama kiziwi. Akanikimbilia, akanishika bega, akanitazama usoni, akatazama fulana. Akasema, "Samahani kaka, nimekufananisha." Akaondoka zake. Nikabaki na nyanya mkononi, nimefananishwa na mimi mwenyewe.

Madirisha ya ule ukumbi, nilimokuwa nalala, yana nondo. Watoto wakishaondoka nilikuwa nakaa mbele ya tangi, namtazama jongoo bahari mmoja anayeburuza tumbo kufuata kioo mpaka pembeni, anageuka, anaburuza tena mpaka pembe nyingine. Nilimwambia bora yeye, huko ndani anaitwa kwa jina lake. Nikikupigia unasema wiki ijayo. Wiki ijayo, kaka, ni jirani yetu siku hizi, tunasalimiana naye kila Jumatatu.

Sasa sikiliza. Siku moja Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu ukaleta watoto wa shule ya Jumapili kuona viumbe wa bahari. Nani alikuwa mbele, kitenge kipya, miwani machoni? Mama. Alikuja kukuona wewe ukifundisha, awaonyeshe wenzake. Akanikuta mimi, fimbo ya kuonyeshea mkononi na jina lako kifuani.  Mmoja wa wale kina mama, mgeni kutoka mtaa mwingine, akamgeukia akauliza kama huyu ndiye mwanawe Nathan msomi. Mama alinitazama. Alinitazama muda mrefu kiasi kwamba nilimaliza kuzihesabu dhambi zangu zote na kuanza zako. Halafu akasema, "Ndiye." Kwa mdomo ule ule anaoimbia zaburi. Nikafundisha, watoto wakacheka, kina mama wakapiga makofi. Mama peke yake hakupiga.

Wenzake walipotoka yeye akabaki. Nilingoja makofi ya aina nyingine. Hakuuliza uko wapi, hakuuliza kwa nini. Alitoa kidumu kidogo cha mafuta ya kula alichokiosha vizuri, akaniomba nimjazie maji ya bahari, na mchungaji asijue.

Unawajua watu wa kwetu. Mtu akienda Dar anaagizwa chupa ya maji ya bahari kabla hajaagizwa kanga, ya kuoga kuondoa nuksi. Na Mama tangu ulipokaa nyumbani na digrii yako alikuwa akisema kuna mtu amekufunga njia. Nikaelewa mara moja kwamba maji ni ya Nathan. Nilimjazia, na moyoni nikanung'unika kidogo, usinune. Nikasema hata bahari ikiletwa Dodoma kwa lori, bado analetewa Nathan.

Lakini kidumu hakina siri. Wale kina mama walikiona mkononi mwake. Kesho yake dirisha la nyuma likagongwa, muuza vitumbua wa mbele ya ukumbi, na chupa. Akafuata shemeji yake anayeendesha bodaboda, ambaye pikipiki yake kila mwezi inakamatwa. Akaja hata mtumishi mmoja wa serikali, suti kamili, kitambulisho shingoni, anasubiri uhamisho usiokuja. Alizungumza nami kwa sauti ya chini kama aliyefika kwa daktari wa magonjwa ya aibu. Sikumtoza mtu hata shilingi. Nililipwa kwa sifa. Wakaniita Mwalimu wa Bahari, vitumbua vikaja vya moto, watu wazima wakanipisha njiani. Wewe umezoea kusifiwa tangu darasa la kwanza, huwezi kujua mtu aliyeambiwa hana akili anavyokunywa sifa. Hasikii kushiba.

Nilianza na mapipa ya akiba yaliyokuja na lori la Tanga. Yalipokauka nikageukia tangi lenyewe. Maji yakashuka, mstari ukaonekana kwenye kioo. Nikalitazama bomba la uani. Maji yetu unayajua, sabuni haitoi povu, chai ina chumvi kabla hujatia kitu. Nikasema chumvi ni chumvi. Nikamimina ndoo, nikachota nikawapa watu, nikamimina nyingine, na pakiti za chumvi ya dukani ili ladha isipotee. Nikaonja kwa kidole nikaapa ni yale yale. Aliyeonja, kaka, alikuwa mtu ambaye hajawahi kuonja bahari.

Jumatatu hii iliyopita tuliingia ukumbini tukakuta viti vya pweza vimelegea kama vitambaa vilivyolowa, vingine mikono imeachana na mwili. Yule jongoo wangu alikuwa kwenye ile pembe anayogeukia. Ametapika matumbo yake yote nje. Na Seth na darasa lake walikuwa mlangoni, wanasukumana kuingia. Madamu akaufunga mlango taratibu, akawaambia watoto warudi shule. Niliwasikia wakiuliza nje, Mwalimu Nathan yuko wapi.

Wiki ile zamu ya maji ilikuwa ya Shamila. Madamu hapigi kelele, na hilo ndilo baya. Alimuuliza tu. Shamila akajibu kwamba alipima Ijumaa, yakaonekana yamepungua ukali, akadhani kipimo kimeharibika, akapanga kumwambia Jumatatu. Madamu akasema kudhani ndiko kulikowaua. Akasema ataandikia makao makuu waondoe jina lake na kuleta mwingine. Kule Kondoa mama yake Shamila ameshautangazia mtaa mzima kwamba binti anakwenda pwani. Shamila alinitazama mara moja, akainamisha kichwa akaanza kuokota vile viumbe kwa mikono yake, kimoja kimoja, kama mtu anayeokota vyombo vilivyovunjwa na mtoto wa jirani.

Halafu, we ngoja ucheke, Madamu akanigeukia akasema amenipendekeza. Nathan, kutokana na anavyofundisha, ndiye atakayepelekwa pwani.

Basi nione nilivyokaa. Nikifungua mdomo, jina lako linakufa pamoja na langu. Nikiufunga, Shamila anarudi Kondoa na mzigo wangu kichwani, na mimi ninakwenda kuishi kando ya bahari maisha yangu yote nikiwa wewe. Ningeoa nikiwa wewe. Ningezikwa pwani chini ya jina lako huku wewe unapima mahindi. Nilikupigia siku ile. Ulipokea. Ulisema kuna lori liko kwenye mizani, utanipigia. Nilibaki na simu sikioni mpaka ikapoa. Nikanyamaza Jumanne. Nikanyamaza siku zilizofuata. Vitumbua nikavirudisha kwa mwenyewe, na unajua mimi na chakula.

Jana nilivua fulana nikapanda bodaboda, mchana kweupe. Watoto wa Mkonze waliniona njia panda wakapiga mbio mbele yangu, Yotham karudi, Yotham karudi. Nilitaka wasinyamaze. Mama alikuwa anapepeta uwele. Hakuuliza kitu. Alikung'uta kitenge, akaingia ndani, akatoka na kile kidumu kutoka uvunguni. Kilikuwa kimejaa kama nilivyokijaza, kimefungwa na nailoni shingoni, hakijaguswa.

Nikamwambia akitunze, Nathan atakuja. Hapo ndipo alipouliza ni nani aliyeniambia maji yale ni ya Nathan.

Kaka, nakuandikia alivyosema, usimkasirikie. Alisema Nathan njia yake iko wazi, ni yeye tu anayeipa mgongo. Alisema aliingia katika ule ukumbi akamkuta mwanawe amevaa jina la mtu mwingine, na yeye mama mzazi, mbele ya kina mama wa kanisa, akaulizwa huyu ni nani akamkana. Alisema tangu siku ile akiomba sala hana pa kuanzia. Kidumu alikiomba kwa ajili yangu. Alikuwa akingoja nije mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa sababu nuksi haiogeshwi kwa kulazimishwa.

Akanikalisha kwenye jiwe la kufulia nyuma ya nyumba, mimi huyu, na ndevu zangu zote saba. Akanimiminia kichwani kwa kikombe, kidogo kidogo, na kila kikombe akaniita. Yotham. Yotham. Maji yakaniingia machoni na mdomoni. Yanawasha, kaka, na yana ukali wa namna yake, hayafanani hata chembe na bomba la Ipagala wala chumvi ya duka. Ndipo nikaijua bahari, nimeketi Mkonze, siku tano baada ya kuwaua wenyeji wake. Nililia. Ukimwambia Thobias nitakataa.

Sikungoja nywele zikauke. Nilirudi Ipagala nikamkuta Madamu na Shamila wanaosha tangi tupu. Nikasema yote, ya maji na ya jina. Madamu alikaa chini. Akauliza, kama mimi si Nathan, mimi ni nani basi? Nikamwambia ni Yotham, kidato cha pili, Mkonze. Shamila akasema kwamba usomi wangu aliutilia shaka tangu walinzi wa benki, lakini maji hakuyajua. Wiki nzima alikuwa akijilaumu kwa kukidhania kipimo ubovu, wakati kipimo kilikuwa kinasema kweli.

Shamila anabaki, na ile barua ya kumwondoa imechanwa mbele yangu. Mimi nimetolewa jana hiyo hiyo. Madamu amesema nikitaka kuingia tena katika ule ukumbi nije na watoto wa shule, nipange foleni. Kuhusu wewe hakuamua. Anataka uje mwenyewe mpaka Jumatano, usimame mbele yake, umweleze kwa mdomo wako kwa nini ulituma mtu. Usipokuja, nafasi anapewa mwingine. Sikukuombea sana, nakwambia ukweli. Nilisema tu kwamba ya samaki wewe unayajua kweli.

Shamila alinisindikiza hadi getini. Alisema lile shamba la uwele atalitumia kwa watoto, kama sitakasirika. Halafu akaniuliza jina langu, kana kwamba hakulisikia ndani. Nikalitaja. Akasema, "Haya, Yotham," na hakulitilia shaka.

Basi kaka, usiniite msaliti mpaka umalize hasira zako kwanza. Fulana yako nimeifua, iko kwenye mfuko wa Thobias pamoja na barua hii. Ivae au ipasulie magunia, lakini mimi sina tena mwili wa kukuazima. Wasalimie madalali wote, na yule mama wa ugali unayemsifia, mwambie mdogo wako anapika mlenda kumshinda. Mbuzi wako wanakusalimu. Mama anakusalimu kuliko wote. Anasema maji yamebaki nusu kidumu, amekirudisha uvunguni. Hiyo nusu ni yako, lakini yeye hammiminii mtu asiyekuwepo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa wewe,

Yotham